Kifaa kidogo cha Bluetooth au mashine ya fundi?

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi, mwenye gari anaweza kuchomeka chini ya usukani kifaa kidogo cha ELM327, kinachowasiliana na simu kwa Bluetooth, na kusoma kodi (namba ya hitilafu) kwa simu yake, au kulipeleka gari kwa fundi mwenye mashine kamili ya kupimia. Mashine hiyo huingia hadi kwenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa kufunga breki) na mifuko ya hewa, na huweza kuamuru pampu ya mafuta ifanye kazi ili ijaribiwe.

Hata hivyo, kazi ngumu si kusoma kodi bali kuithibitisha. Kwa mfano, kodi ya P0171 husema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu iliyochoka, na anayekimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni anatupa fedha. Hapa kifaa kidogo hakipitwi sana, kwa sababu programu nzuri huonyesha asilimia ya marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza mafuta: ikiwa juu gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta, kisha ikashuka injini inapofika mizunguko 2,500 kwa dakika, tafuta hewa inayovuja; asilimia hiyo ikipanda zaidi, shuku kwamba mafuta hayafiki ya kutosha.

Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ni mengi Dar es Salaam na Mombasa, huenda yasiwasiliane na kifaa hicho, kwani OBD-II, mfumo wa kusoma hitilafu ambao kifaa hicho hutegemea, ililazimishwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na sharti hilo halikuyahusu magari ya soko la Japani. Kwa magari hayo ningemlipa fundi, mradi anionyeshe vipimo kabla ya kufuta kodi.