Misonobari ya Roma kwa brasi bendi: wapiga tarumbeta itafuteni hii CD

Jamani wiki ya pili sasa naisikiliza hii CD, nimeihamishia kwenye simu naisikiliza kwenye daladala na usiku kabla sijalala, na bado sijaichoka. Ni Misonobari ya Roma ya Ottorino Respighi, yule Mtaliano, aliiandika 1924 kwa ajili ya okestra kubwa, ila humu imepangwa upya kwa brasi bendi, yaani bendi ya vyombo vya shaba vya kupuliza, violini hakuna, ni korneti, flugeli (ndugu ya tarumbeta, sauti yake laini), tenor honi, tromboni, yufoniamu na yale mabesi makubwa, basi na ngoma. Mi napiga tenor honi bendi ya kanisani kwahiyo nilinunua kwa hamu, wasiwasi nao ulikuwepo maana kazi za okestra zikihamishiwa kwenye shaba mara nyingi zinakuwa nzito kama uji uliolala.

Hii hapana. Sehemu ya nne, Via Appia, ndo imenimaliza kabisa. Hiyo ni barabara Warumi walianza kuijenga 312 KK kutoka Roma kwenda Capua, na Respighi anakuweka pembeni yake alfajiri, ukungu umetanda, jeshi linakuja toka mbali. Unasikia besi na ngoma tu, pu, pu, pu, hatua za watu ambao bado huwaoni, flugeli inaingia na ule wimbo wa huzuni, alafu tarumbeta zinaanza kuitana, ya huku inaita ya kule inajibu, zinasogea, zinasogea, mpaka mwisho kifua chako chenyewe kinatetemeka. Na Respighi mwenyewe aliandika zipigwe buccina sita, tarumbeta za Warumi, ambazo siku hizi kawaida wanatumia flugeli na ndugu zake, ukoo wetu huuhuu, ndo maana hapa bendi inasikika iko nyumbani.

Warumi valvu, vile vitufe tunavyobonyeza kubadilisha noti, hawakuwa nazo. Zile pembe zao za kujikunja, cornu, zilichimbuliwa Pompeii na zipo makumbusho ya Naples, noti zote zinatoka kwa midomo na pumzi. Zilipigwa jeshini, kwenye mazishi, kwenye viwanja vya magladieta. Juzi nikajaribu, nikaondoa vidole vyote kwenye valvu nikapuliza tu nikibana midomo, do, sol, do, mi, na ule mwito wa jeshi ukatoka palepale chumbani, nywele zilinisimama.

Sehemu ya pili pia tamu sana, makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kwanza, tromboni zinaimba chini kabisa kama watu wanaosali gizani. Ya kwanza, watoto wanacheza bustanini, korneti zinakimbia mpaka noti zinakanyagana, hapo sikupenda. Na ya tatu kuna rekodi ya ndege, ni Respighi mwenyewe alitaka iwepo, ila humu wameipandisha juu mno unaona kama alamu ya simu inalia.

Duka nililonunua wameniletea kasha limepasuka, CD yenyewe nzima. Nawapa nyota 4 kati ya 5.

Alafu msisikilizie spika ya simu, zile besi za mwanzo hazisikiki kabisa, mi nilidhani CD mbovu, vaeni hedifoni. Jumapili baada ya mazoezi nawapigia wenzangu ile ya nne, mwalimu wetu keshaanza kuulizia noti zake zinapatikana wapi.