WARP kwa wachezaji wa Lubumbashi: kosa la kuingia inaloliponya na lile isiloligusa

Ukibonyeza kuingia kwenye eFootball, Free Fire au Fortnite na mchezo ukakataa, hesabu sekunde kabla ya kugusa chochote. Kosa likitokea ndani ya sekunde mbili au tatu, mara nyingi jina la seva halikupatikana, au seva imekujibu kwa kukukatalia. Duara likizunguka nusu dakika nzima ndipo mchezo ukate tamaa, paketi zako, yaani vipande vya data, zinaondoka na kupotea njiani. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama programu tunayoipima hapa, 1.1.1.1 yenye WARP ya kampuni ya Cloudflare, itakufaa au itakula mega zako bure.

Programu hii ni ya bure na haidai akaunti. Ipo kwa Android, iPhone, Windows, macOS na Linux. Ndani yake mna huduma mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2018, ni DNS peke yake: daftari linalogeuza jina la seva kuwa anwani ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao. Ya pili, WARP, iliyofunguliwa kwa wote Septemba 2019, hupitisha koneksio yako yote ndani ya handaki hadi kituo cha Cloudflare, na kutoka hapo ndipo inaelekea kwenye mchezo. Anayetafuta kujifanya yuko Ulaya asiisumbukie, haikutengenezwa kubadilisha nchi. Kuna pia WARP+ ya kulipia, lakini kwa kosa la kuingia ile ya bure inatosha.

Kabla ya kuipakua, ondoa sababu tatu ambazo handaki lolote haliwezi kuzitibu.

Ya kwanza ni seva yenyewe kuwa chini. Epic Games wana ukurasa wao wa hali ya seva, status.epicgames.com, na michezo mingine hutangaza matengenezo kwenye kurasa zao rasmi. Hapo ni kungoja tu.

Ya pili ni forfe. Mwenye forfe ya mitandao ya kijamii tu ataona Facebook inafunguka, atabonyeza kuingia kwa Facebook, jina lake litaonekana, kisha mchezo utagota, kwa sababu seva ya mchezo haimo kwenye forfe hiyo. Jaribu kufungua ukurasa wowote wa kawaida kwenye kivinjari. Usipofunguka, nunua mega za kawaida. Na ujue kwamba ukiwasha WARP, mtandao wako hauwezi tena kutofautisha Facebook na kitu kingine. Mtandao unaona handaki tu, basi utakukata kwenye mega za kawaida au kwenye kredi yako hata unaposoma ujumbe.

Ya tatu ni saa, na kwetu Lubumbashi hii ni mtego kuliko inavyodhaniwa. Lubumbashi iko UTC+2, Kinshasa UTC+1. Simu iliyowekwa kwenye majira ya Kinshasa huonyesha saa moja nyuma, na wengi huisogeza mbele kwa mkono. Kwa macho inaonekana sawa. Ndani yake, sasa inaamini dunia nzima iko saa moja mbele. Seva za kuingia hutoa tiketi yenye muda wa kuanza na wa kuisha, na nyingi huvumilia tofauti ya dakika chache tu, basi tiketi inakataliwa ingawa neno la siri ni sahihi. Nenda "Paramètres", kisha "Date et heure", washa saa ya mtandao, na kwenye "fuseau horaire" chagua Lubumbashi. Kwenye Windows eneo letu limeandikwa Harare, Pretoria. Kompyuta za zamani zina ugonjwa wao: betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, na vyeti vya usalama vya seva vinaonekana kama havijaanza kutumika. Hata WARP yenyewe hugoma hapo. Betri mpya ya volti 3 ndiyo dawa.

Ukishayaondoa hayo, fanya jaribio moja ambalo halina mbadala: toa kadi SIM, weka ya mtandao mwingine, au uombe jirani akugawie koneksio kwa dakika mbili. Mchezo ukiingia, akaunti yako ni nzima na njia ndiyo mgonjwa. Usipoingia kwa mitandao yote miwili, rudi kwenye seva, saa na akaunti. WARP haitabadilisha kitu.

Sasa tuingie mahali programu hii inapoonyesha thamani yake.

Kwa kosa la haraka, anza na DNS peke yake. Kwenye Android 9 na kuendelea huhitaji hata kupakua programu: fungua "Paramètres", "Réseau et Internet", "DNS privé", chagua kuandika jina la mtoa huduma, uandike one.one.one.one na kuhifadhi. Kwenye Windows weka 1.1.1.1 na 1.0.0.1 kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, kisha kwenye dirisha la amri andika ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutike. Angalizo moja: DNS hii ya siri ya Android kwa kawaida hupita mlango namba 853 wa TCP, mojawapo ya namna za kusafirisha data. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya chuo iliyoufunga mlango huo, simu nzima itaonekana haina intaneti. Rudisha kwenye "Automatique" na koneksio itarudi.

Kosa la polepole lina sababu ambayo watu wachache huifikiria, na ndilo linalotufanya tuisifu WARP bila kusita. Paketi ya kawaida ina ukubwa wa baiti 1,500. Njia nyingine haziwezi kubeba ukubwa huo: PPPoE, inayotumika kwenye baadhi ya laini za nyumbani, huishia 1,492, na baadhi ya njia za simu na redio huishia chini zaidi. Njia nzuri hutuma ujumbe wa kuonya kwamba paketi ni kubwa mno. Njia mbaya huitupa kimya kimya. Matokeo yake ni ya ajabu: ombi lako dogo la kuingia linafika, seva inajibu kwa cheti chake, ambacho ni kizito na hujaza paketi nzima, na jibu hilo halifiki kamwe. Ndiyo maana WhatsApp inapitisha ujumbe, pingi (muda wa paketi ndogo kwenda na kurudi) ni nzuri, na mchezo bado umeganda kwenye "connexion".

Unaweza kulithibitisha. Kwenye Windows andika ping -f -l 1472 1.1.1.1. Hiyo 1,472 ukiongeza 28 za vichwa inakuwa 1,500. Ikijibu, ukubwa si tatizo kwa upande wa kwenda. Isipojibu au ikisema paketi inahitaji kukatwa, jaribu 1464, 1432, 1400, ukishuka hadi ijibu, kisha ongeza 28. Hiyo ndiyo MTU ya kweli ya njia yako, yaani paketi kubwa kabisa inayoweza kubebwa. WARP inayotumia itifaki ya WireGuard, namna mojawapo ya kujenga handaki lake, huweka MTU ya 1,280, basi vipande vya TCP havizidi baiti 1,240, na hata vikivaa vazi la handaki vinabaki karibu 1,340. Vinapita pale ambapo 1,500 zilikwama. Mwenye modemu yake nyumbani anaweza kupata tiba hiyohiyo bila WARP kwa kuandika namba aliyoipata kwenye sehemu ya MTU ya modemu.

Faida ya pili ni anwani. Mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Ukiona kwenye modemu anwani inayoanza na 100.64 hadi 100.127, uko kwenye kundi hilo. Mmoja akifanya ujanja, seva inaweza kuibana anwani na wote wanaumia. Kwanza weka simu kwenye hali ya ndege sekunde kumi, huenda ukapewa anwani nyingine. WARP nayo inakupa nyingine, ila hiyo pia ina wengi nyuma yake, na iko michezo inayokataa anwani za vituo vya data kabisa. Ikikataa, zima na urudi kwenye DNS peke yake.

Namna ya kuitumia: funga mchezo kabisa kwa "Forcer l'arrêt", washa WARP, ngoja iseme imeunganishwa, ndipo ufungue mchezo. Usiiwashe wala kuizima katikati, maana anwani yako inabadilika ghafla na seva inaweza kukutoa au kudai nambari ya uthibitisho. Android inaruhusu VPN (handaki la aina hii) moja tu kwa wakati, basi kizuizi cha matangazo kinachofanya kazi kama VPN kitagombana nayo. Kwenye mipangilio ya betri ondoa kikomo kwa programu hii, la sivyo simu itaiua nyuma ya pazia na utatupwa nje katikati ya mechi. Wi-Fi ikiizuia isiunganishe, sababu ni milango ya UDP, namna nyingine ya kusafirisha data, iliyofungwa: WireGuard yake hutumia 2408, na ikishindwa hujaribu 500, 1701 na 4500.

Udhaifu mkubwa ni umbali. Ukiwa umeiwasha, fungua kwenye kivinjari 1.1.1.1/cdn-cgi/trace. Tafuta mstari wa warp=on, kisha ule wa colo, wenye herufi tatu za uwanja wa ndege. JNB ni Johannesburg, kama kilomita 1,600 kutoka hapa, na mwanga ndani ya nyuzi hauhitaji zaidi ya milisekunde 16 kwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka. NBO ni Nairobi. Ikiandika MRS, uko Marseille: kilomita 6,500, milisekunde 65 kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote, na seva ya mchezo ikiwa Afrika Kusini paketi zako zinapanda Ulaya kisha zinashuka tena. Utaingia vizuri na utacheza vibaya. Hapo rekebisha MTU kwenye modemu, uache WARP.

Gharama ya mega ni ndogo. Handaki linaongeza baiti 60 kwa kila paketi. Mchezo unaotuma paketi 30 na kupokea 30 kila sekunde utaongeza kama mega 6.5 kwa nusu saa.

Onyo moja tunaliweka kwa uzito: wengi wanaposhindwa kuingia hushauriwa kufuta data za mchezo. Futa "cache" tu. Kama unacheza kwa akaunti ya mgeni, ambayo haijaungwa na Google wala Facebook, kufuta data kunaweza kuifuta akaunti moja kwa moja, pamoja na kila ulichonunua.

Wenye vyumba vya PlayStation, WARP haiingii kwenye mashine yenu. Kuiwasha kwenye simu kisha kugawa koneksio hakusaidii pia: Android na iPhone haziwapitishi wanaounganishwa ndani ya handaki la simu. Ingieni kwenye mipangilio ya mtandao ya PlayStation kwa mkono, andikeni DNS 1.1.1.1 na 1.0.0.1, na kwenye MTU wekeni namba iliyopatikana kwa jaribio la pingi kwenye koneksio hiyohiyo, kisha zimeni mashine kabisa na kuiwasha upya.