TAHADHARI: Muuzaji wa "Primium ya maisha" ya Spotify

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya Telegram na WhatsApp, hasa yale ya apu na ujanja wa simu, anauza kitu anachokiita "Spotify Primium ya maisha", yaani ile huduma ya kulipia ya apu ya muziki ya Spotify isiyo na matangazo, kwa shilingi 10,000. Anaandika hivyo hivyo, Primium, badala ya Premium. Ukishalipa anakutumia faili la APK, yaani faili la kusakinisha apu kwenye simu ya Android, na maelezo ya sauti ya dakika mbili. Usinunue. Na wewe ambaye tayari unalo kwenye simu, zima data na Wi-Fi kwanza, halafu malizia kusoma kwenye simu ya mwenzako.

Mimi nilinunua. Naandika kwa aibu, maana kwenye ukoo wetu mimi ndiye fundi. Simu ikigoma Morogoro naulizwa mimi, bibi akitaka kaswida kwenye flashi ya redio yake naulizwa mimi. Mtu wa aina yangu hakutakiwa kupigwa kwa kitu cha elfu kumi. Lakini kila siku natoka Gongo la Mboto kwenda Posta, foleni haina huruma, na tangazo likikukatiza katikati ya wimbo mzuri unajiona kama umemwagiwa maji. Nikaona elfu kumi si hela.

Kuna hesabu ndogo nilikataa kuipiga siku ile. Spotify ilifika kwetu Februari 2021, wakati mmoja na Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na Premium yake unailipia kwa kipindi: kikiisha, unalipa tena. Kifurushi cha maisha hakimo kwenye bei zao. Tena Premium yenyewe haikai ndani ya apu. Inakaa kwenye akaunti yako, kwenye kompyuta zao huko, na apu ni mlango tu wa kuingilia. Kwa hiyo mtu akikuuzia Premium iliyo ndani ya faili, jua kuna mtu aliyeipasua apu halisi, akanyofoa yanayoleta matangazo, akapachika ya kwake, kisha akaifunga upya na kuisaini kwa sahihi yake mwenyewe. Huko ni kuchakachua. Na anayechakachua petroli hachanganyi mafuta ya taa ili akupunguzie wewe bei.

Dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Nilipotuma hela, jina lililotokea kabla sijaweka pini lilikuwa la kike, wakati niliyekuwa nazungumza naye ana sauti ya mpiga debe. Nikamuuliza. Akajibu, "Hiyo laini ya wife, boss, yangu imejaa." Nikacheka, nikaweka pini. Alikuwa pia amebandika skrinishoti za wateja wanaomshukuru, kama kumi na mbili hivi, watu tofauti, miji tofauti. Baadaye nilipozirudia kwa utulivu niligundua zote betri iko asilimia 43.

Yale maelezo ya sauti ndiyo yanayoniuma zaidi. Tangu Android 13, Google waliweka komeo: apu iliyotoka nje ya Play Store ikiomba ruhusa ya Ufikivu (Accessibility), simu inakataa. Ufikivu umetengenezwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa macho au wa viungo, ili programu iweze kuwasomea kilichoandikwa kwenye skrini na kubonyeza vitufe kwa niaba yao. Apu ya mwizi ikipewa ruhusa hiyo, nayo inasoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako. Sasa huyu jamaa kwenye sauti yake anakuelekeza kwa upole: fungua maelezo ya apu, gusa vidoti vitatu juu kulia, ruhusu mipangilio iliyozuiwa, rudi kwenye Ufikivu, washa. Anasema ni "ili nyimbo zisikatike ukizima skrini". Nikalifungua komeo kwa mkono wangu mwenyewe, mwizi ananielekeza funguo ilipo.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa raha tupu. Hakuna tangazo, naruka nyimbo nitakavyo. Nikawa balozi wa jamaa bila mshahara, nikalirusha faili kwa mdogo wangu na kwa shemeji yangu, mke wa kaka. Hapo ndipo kosa langu lilipokoma kuwa la kwangu peke yangu.

Kwanza bando likaanza kuyeyuka. Najiunga usiku, asubuhi ujumbe unaniambia limeisha, na simu ilikuwa kwenye chaji nimelala. Kisha salio la vocha likawa linakatwa mia mbili mia mbili, naletewa utabiri wa nyota na dondoo za mpira nisizoziomba. Nikaulaumu mtandao wa simu, nikagombana na dada wa watu wa huduma kwa wateja bila kosa lake. Popote ulipo, dada, nisamehe.

Kisha shemeji akapotea WhatsApp. Simu yake ilimtoa tu, ikamwambia namba yake imesajiliwa kwenye kifaa kingine. Saa hiyo hiyo mjomba aliyeko Morogoro akapokea ujumbe kutoka kwenye namba ya shemeji, wenye picha yake, na kwa namna yake ile ile ya kuandika, maana tapeli alikuwa na muda wa kusoma magrupu: "Shikamoo mjomba, nimekwama Kariakoo na mzigo, naomba 150,000 jioni nakurudishia." Mjomba hakuuliza mara mbili. Watanzania wote tunaijua "ile pesa tuma kwenye namba hii", tunaicheka mpaka kwenye vichekesho, lakini ile hutoka kwa namba ngeni. Hii ilitoka kwa mkwe wake.

Hebu nieleze ilivyowezekana, kwa sababu wengi wanadhani kuna uchawi. WhatsApp ikisajiliwa kwenye simu mpya hutuma namba za siri sita kwa SMS. Apu yenye ruhusa ya kusoma SMS au arifa inaziona zikiingia na kumpelekea tapeli aliko. Yeye anazijaza kwake, wewe unatolewa kwako. Basi. Kama shemeji angekuwa amewasha uthibitishaji wa hatua mbili, ile pini unayojitungia mwenyewe ambayo haitumwi kwa SMS, tapeli angefika hapo akakwama. Hakuiwasha. Tapeli akaiwasha yeye. Tuliposajili upya namba yake tukaambiwa tuweke pini tusiyoijua, ikabidi tusubiri siku 7. Afadhali tu ni kwamba ukishajaza zile namba sita za SMS kwenye simu yako, hata kama pini huna, yeye anatolewa palepale.

Usiku ule nikakaa na simu yangu kama daktari na mgonjwa aliyemjeruhi mwenyewe. Kwenye mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, ile apu ilikuwa imekula zaidi ya GB 2 chinichini, skrini ikiwa imezimwa. Kwenye ruhusa nikakuta SMS, anwani za watu, simu, arifa, Ufikivu. Apu ya muziki! Ya kazi gani SMS kwenye apu ya muziki? Inahitaji spika, intaneti na mahali pa kuhifadhi nyimbo, na hapo imetosheka.

Nikaanza kusoma, nikakuta wenzangu walishaandika. Septemba 2024 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa taarifa kuhusu kirusi kiitwacho Necro walichokikuta ndani ya apu iliyochakachuliwa iitwayo Spotify Plus, na pia ndani ya matoleo ya kuchakachua ya WhatsApp. Ujanja wake ni kwamba apu yenyewe ukiipekua unaona iko safi kiasi. Uovu unakuja baadaye, umefichwa ndani ya picha ya PNG inayopakuliwa kimyakimya. Ukishafunguliwa unaweza kufungua matangazo kwenye madirisha usiyoyaona, kupakua na kusakinisha vitu vingine, hata kukuunganisha na huduma za kulipia. Bando langu na mia mbili zangu zikanijia akilini. Na wale wanaoapa kwa Play Store nao wasilale: Necro huyo huyo alikutwa kwenye apu mbili zilizokuwa Play Store, kwa pamoja zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 11. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu wa kuiondoa ikigundulika. Faili ulilotumiwa na jamaa wa grupu hakuna wa kukuondolea.

(Zamani tulikuwa tunapeleka memori kadi kwa kijana mwenye kompyuta pale kituoni, anakurushia nyimbo za kutosha kwa buku, na baya kuu ulilorudi nalo ni virusi vya kuficha mafolda. Nimeikumbuka ile simu ya vitufe.)

Kwa mliokwisha kuingia, nawaambia nilichofanya, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningerudishwa nyuma. Zima data na Wi-Fi. Kwa simu nyingine, piga mtandao wako wa simu wakuzuie huduma ya fedha kwa muda, na kama hela imeshatumwa kwa tapeli, waambie dakika hiyo hiyo, kabla mpokeaji hajaitoa kwa wakala. Sisi tulichelewa dakika arobaini, wakala alishalipa. Kisha nenda kwenye Ufikivu uizime ile apu, nenda kwenye orodha ya apu zenye usimamizi wa kifaa uiondoe na huko, ndipo uifute. Yangu ilikuwa inajifunga ukurasa kila nikigusa kitufe cha kufuta. Ikikufanyia hivyo, washa simu kwenye hali salama. Kwenye simu nyingi unabonyeza kitufe cha kuzima, kisha unashikilia kwa muda maandishi ya kuzima yaliyo kwenye skrini. Mule apu za kuongezwa hazifanyi kazi, itafutika kwa amani. Mimi hata hivyo sikuridhika, nikahifadhi picha na kuifuta simu yote ianze upya, kisha nikabadili pini na maneno yote ya siri kutoka kwenye kompyuta ya ofisini. Kwenye WhatsApp pitia vifaa vilivyounganishwa, mtoe usiyemjua, na uwashe ile pini ya hatua mbili leo, si kesho.

Kwa walioko Tanzania, ujumbe wa tapeli na namba yake vinapelekwa 15040, na ukipiga *106# unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga hata kama huna shida yoyote. Mdogo wangu alikuta laini moja ambayo hajawahi kuishika mkononi. Polisi tulienda, RB tunayo. Kwa walioko Kenya kwenye Safaricom, wao hupeleka ujumbe wa namna hiyo 333.

Huyu muuzaji ana bidhaa nyingine mbili, nazitaja haraka. Moja ni nafasi kwenye akaunti ya familia, elfu tano, na anakuomba barua pepe na neno la siri "ili akuingize". Mpango wa familia wa Spotify unabeba watu 6 wanaoishi nyumba moja, na mwenye mpango hukutumia kiungo cha mwaliko. Neno lako la siri halihitaji kulijua hata kidogo. Anayeliomba anataka akaunti yako.

Ya pili inawalenga wasanii wachanga, na hii inanichoma kwa sababu kuna dogo mtaani kwetu anayeimba vizuri kweli alikuwa ameshatenga 60,000. Anaahidiwa wimbo wake usikilizwe mara elfu hamsini ndani ya wiki. Wasikilizaji wenyewe ni roboti. Tangu 2024 Spotify inawatoza faini lebo na wasambazaji (wanaopeleka nyimbo za wasanii Spotify) kwa kila wimbo unaokutwa na usikilizwaji wa bandia uliopitiliza, na msambazaji akishatozwa hatakubembeleza wewe. Wimbo unaweza kuondolewa na mapato kuzuiwa. Mwaka huo huo waliweka sharti kwamba wimbo ufikishe mara 1,000 kwa miezi 12 ndipo uanze kuhesabiwa malipo, kwa hiyo naelewa presha ya dogo. Nilimwambia hiyo elfu sitini ampe mtu wa kamera.

Mjomba hajanidai hata senti. Nikimpigia simu anapokea kwa kusema, "Eee, fundi, ile pesa niliituma kwenye namba ile," kisha anacheka mpaka anakohoa. Ningependa angenigombeza.

Namba ya jamaa siiweki hapa. Ameshaibadilisha mara mbili, na aliyesajiliwa nayo huenda naye ni mtu aliyeibiwa kitambulisho. Juzi nimemwona kwenye grupu jingine, jina jipya, picha mpya ya mtu aliyevaa suti. Bei imeshuka hadi 7,000, ofa mwisho Ijumaa. Bado anaandika Primium, na kwenye skrinishoti za wateja wake betri bado iko asilimia 43.