TAHADHARI: Betri za sola za "Ah 200" zinauzwa Mwanza, ukizipima uzito ni za Ah 100

Ndugu zangu mnaoishi visiwani na vijijini ambako umeme wa gridi haujafika, msinunue betri ya sola kabla haijapanda kwenye mzani. Mimi nimeshapoteza shilingi 1,680,000, na najua wapo wengine wanaojiandaa kwenda mjini na hela ya dagaa mfukoni kununua betri hizo hizo.

Sisi tuko kisiwani, upande wa Muleba. Mke wangu ana friza mbili, moja ya soda na maji, nyingine ya barafu, na jioni tunachajia watu simu. Nilikaa na fundi tukapiga hesabu kabla sijatoa hata senti. Usiku mmoja tunakula kama wati-saa 2,000. Betri nne za volti 12, kila moja Ah 200 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), zinabeba wati-saa 9,600. Tulilenga betri za jeli, ambazo ni aina ya betri za risasi, yale madini mazito, na hizo hazitakiwi kushuka chini ya nusu kama unataka zidumu, kwa hiyo za kutumia zinabaki 4,800. Tuliona usiku utapita, na hata siku ya mawingu ikifuatia tutavuka.

Muuzaji nilimpata WhatsApp kupitia jamaa ninayemwamini. Duka lipo kweli, nimeingia kwa miguu yangu. Wenzake walikuwa wanataka karibu laki saba kwa betri moja, yeye akaniambia 420,000. Nilipouliza mbona bei iko chini hivyo, akasema mzigo unashuka kwake moja kwa moja, hauna dalali. Kisha akatoa multimita, akagusisha nyaya zake kwenye vichwa vya betri, ikasoma 12.8. "Unaona mzee, imejaa, mpya kabisa." Nikalipa.

Hapa naomba msome taratibu, maana hapa ndipo wengi tunapoliwa. Volti 12.8 inakuambia betri imejaa, haikuambii imebeba kiasi gani. Hata betri ndogo ya pikipiki ikijaa inasoma 12.8. Ni sawa na kuonyeshwa kikombe kilichojaa ukaambiwa ni ndoo. Muuzaji akikimbilia multimita wakati umemuuliza Ah, ujue hajakujibu.

Usiku wa kwanza inveta ilizima kabla ya saa sita. Tukadhani betri hazijachajiwa vya kutosha, tukazima friza moja, tukaacha paneli zifanye kazi mchana kutwa. Usiku wa pili hivyo hivyo. Barafu yote ikayeyuka, mke wangu akarudisha hela za wavuvi waliokuwa wameshalipia. Fundi akaja, akaangalia chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, mpangilio ulikuwa wa jeli kama inavyotakiwa. Akainua betri moja peke yake kutoka chini mpaka juu ya meza, akanitazama. Akasema, "Kaka, Ah 200 siwezi kuinyanyua hivi."

Tukazipeleka mwaloni kwenye mzani wa samaki. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 200 iliyo ya kweli inakaribia kilo 60, na hata zile nyepesi ziko juu ya 50. Zangu tatu zilisoma kilo 33 na 34. Ya nne ilisoma 41. Risasi ndiyo inayobeba umeme ndani ya betri, haina njia ya mkato: risasi ikipungua, umeme umepungua. Kilo 30 na kitu ni uzito wa Ah 100.

Fundi akapitisha ukucha kwenye kona ya lebo. Ikabanduka kirahisi kama stika ya daftari, na chini yake kuna lebo nyingine, imekwaruzwa lakini inasomeka: 12V 100Ah. Ile ya kilo 41 haikuwa na lebo ya pili, ila vichwa vyake vilikuwa na michubuko ya spana. Ilishafungwa mahali, ikatumika, ikafunguliwa, ikasafishwa. Na ukichanganya betri iliyochoka na nyingine kwenye mfululizo mmoja, ile dhaifu inaisha kwanza na kuivuta mwenzake.

Ili nisibishane kwa maneno, tulifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya. Tuliijaza betri moja, tukaiacha ipumzike, tukafunga balbu mbili za taa ya gari za wati 60 kila moja. Hizo zinavuta kama ampea 10. Ah 200 ya kweli ingewasha kwa muda wa saa 10 ndiyo kwanza iko karibu na nusu. Tuliwasha saa moja asubuhi. Saa saba mchana multimita ilisoma 10.5, yaani betri imekwisha. Saa sita mara ampea 10 ni Ah 60. Nimelipia 200.

Nilirudi dukani na picha, video na betri mbili. Nauli ya boti na ubebaji ni juu yangu. Kwanza akasema tumechaji vibaya. Nilipomwonyesha lebo ya chini akabadilisha: niongeze laki nne kwa kila betri, anipe za lithiamu za Ah 200. Akaileta moja, nikaomba ipandishwe kwenye mzani. Kilo 9. Lithiamu kweli ni nyepesi, lakini ile ya fosfeti ya chuma ya Ah 200 seli zake peke yake zinapita kilo 15. Ndani ya boksi la kilo 9 sijui angekuwa ameniwekea nini, na kuna watu wanakusanya seli za duara za kompyuta zilizokufa na kuzifunga humo. Hizo zinaweza kuwaka moto. Sikuichukua, na nyie msichukue.

Waranti ya mwaka mmoja aliyoniahidi nayo haikunisaidia. Risiti aliyoniandikia kwa mkono inasema "betri sola 4", basi. Hakuna Ah, hakuna namba ya betri. Hilo ni kosa langu, nilikuwa nakimbilia boti. Dai risiti ya EFD, na hakikisha aina, Ah na namba iliyochongwa kwenye mwili wa betri zimeandikwa. Iliyo kwenye stika pekee usiitegemee. Muulize pia hiyo Ah imepimwa kwa saa ngapi, yaani betri ilitumika kwa muda gani mpaka ikaisha. Wapo wasiogushi kitu, ila wanaandika kipimo cha saa 100, na ukiitumia kwa saa 10 kama sisi wenye friza, karibu moja ya tano inakuwa haipo.

Jina la duka sitaji hapa kwa sababu nimepeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambao bidhaa bandia ni kazi yao, na sitaki kuyaharibu. Ila kama ulinunua Mwanza miezi hii betri ya jeli ya rangi ya kijivu, lebo ya kijani iliyoandikwa Ah 200, ukaambiwa mzigo hauna dalali, ipeleke leo kwenye mzani wowote, hata wa mahindi. Ikiwa chini ya kilo 50, ipige picha ikiwa juu ya mzani, bandua kona ya lebo, na unitumie ujumbe. Mpaka sasa tuko watatu.