Valvu ya shaba na waya wa hita kwa pikapu za zamani: ipi inafaa njia za Kigoma

Pikapu nyingi za zamani zinazopiga njia ya Mwandiga hadi Manyovu zimekatwa hita. Fundi kaunganisha mipira miwili ya maji kwenye ukuta wa injini, kazi imeisha. Mjini, kwa joto lile la kando ya ziwa, hakuna anayelalamika. Tabu inaanza mvua inapomkuta dereva huko juu milimani, kabini ina watu watatu na vioo vimepandishwa: kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, na kitambaa hakifui dafu. Hewa ya moto ndiyo inayoukausha. Tena gari ikianza kuchemsha mlimani, hita iliyofunguliwa mpaka mwisho na feni yake inafanya kazi ya rejeta ndogo ya pili. Kurudisha hita ni jambo la usalama, na spea yake ichaguliwe kwa makini.

Kwa Hilux za miaka ya 1980 na 1990 na wenzake wa umri huo, valvu ya maji, ile inayofungua na kufunga maji ya moto ya injini yanayokwenda kwenye hita, huvutwa na waya kutoka kishikio cha joto kwenye dashibodi. Ukiuliza dukani utapewa ya plastiki au ya shaba. Ya plastiki ni rahisi na inafanana kabisa na ile ya zamani. Ila igeuze kwenye mwanga: katikati ina mshono wa vipande viwili vilivyogandishwa, na hapo ndipo inapopasukia ikishapata moto na kupoa mara nyingi. Ikipasuka njiani, maji yote yanamwagika, na dereva asiyetazama geji ataua gasketi ya silinda hedi. Kwa barabara ndefu zisizo na gereji karibu, hiyo ya plastiki hatuipendekezi hata kwa bei nusu.

Ya shaba inastahili pesa yake, mradi ukaguliwe kwanza mdomo wake na mkono wake. Nenda dukani na kipande cha mpira wa zamani. Mingi ina kipenyo cha ndani cha milimita 16, na valvu ya milimita 13 itavuja hata ukaze klipu mpaka ikate mpira. Funga valvu, upulize kwa mdomo: hewa ikipita hata kidogo, irudishe. Halafu tazama mkono unafunga kwa kuelekea wapi. Zipo zinazofunga kinyume, na ukifunga hiyo, kishikio kikiwa kwenye baridi utaunguzwa miguu.

Kwenye waya ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Mafundi wengi huweka waya wa breki ya baiskeli kwa kuwa uko kila duka. Waya huo ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, unavuta vizuri lakini hausukumi. Ukirudisha kishikio unajikunja ndani ya ala, yaani mrija unaoufunika, na valvu inabaki wazi. Waya wa hita ni chuma kimoja kigumu. Ukikosa mpya, waya wa choki wa gari la mtumba unafaa kama ni wa chuma kimoja na haujapinda popote. Tia matone machache ya mafuta ya cherehani. Grisi hapana, inashika vumbi na kukwama.

Kufunga, subiri injini ipoe kabisa, kisha toa maji ya rejeta mpaka yashuke chini ya mipira ya hita. Mpira ulioganda usiuvute kwa nguvu: upasue kwa wembe kwa urefu, maana bomba za hita ni nyembamba na zikipinda ndiyo gharama mpya. Weka kishikio kwenye baridi, funga valvu kwa mkono, vuta ala kidogo kuondoa ulegevu, ndipo ubane klipu ya ala. Kishikio kikirudi chenyewe, ala imebanwa mahali pasipo pake.

Feni ikifanya kazi kwenye spidi ya juu tu, usinunue mota. Kilichokufa ni rezista yake, kile kifaa kinachopunguza umeme kwa spidi za chini, kwa sababu spidi ya juu haipitii humo. Safisha pia majani yaliyojazana kwenye njia ya hewa, kwani ile hewa ndiyo inayoipoza.

Jaza nusu kulanti, nusu maji safi. Maji ya ziwa yana madini mengi, yanaacha gamba ndani ya hita. Acha kifuniko cha rejeta wazi, kishikio kwenye moto, washa injini mpaka mapovu yaishe, ukiongeza maji. Kisha shika mipira yote miwili: ikiwa ya moto sawasawa, maji yanazunguka. Rudisha kishikio kwenye baridi, subiri dakika chache. Mpira wa baada ya valvu usipopoa, valvu haifungi, rudi kwenye klipu ya ala.