Maktaba ya chuo hapa Lubumbashi: vitabu vipo, fishi zinavificha

Upande wa historia na lugha, maktaba hii ya chuo kikuu ina rafu zilizojaa, na wahudumu wake wanajua kazi. Kasoro iko kwenye katalogi, yaani kwenye fishi (rekodi) zinazoeleza kila kitabu.

Andika «domestiques Lubumbashi» (watumishi wa nyumbani, Lubumbashi) kwenye kompyuta ya kutafutia: hakuna kitu. Andika Élisabethville, jina ambalo mji uliliacha mwaka 1966, vitabu vinatokea. Andika «indigènes» (wenyeji, neno la kikoloni), na hapo ndipo babu zetu wamefungiwa mpaka leo. Ile historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumba ya Wazungu wameiweka 496.392, namba ya Kiswahili katika Dewey (mpango wa kupanga vitabu kwa mada), katikati ya sarufi, badala ya 967.51 pamoja na historia ya Kongo. Kumbe Mbelgiji akisimulia Katanga ni mwanahistoria, ila mpishi wake akisimulia ni mfano wa lugha! Hilo ni kosa la haki kabla ya kuwa kosa la namba.

Wamejaribu kurekebisha kwenye Koha, programu ya kompyuta inayoendesha katalogi, lakini walifuta neno la zamani tu, na mwanafunzi mwenye rejea ya miaka ya 1950 akabaki mikono mitupu. Katika UNIMARC, muundo wa kuandika fishi kwa sehemu zenye namba, neno jipya la mada linaingia sehemu ya 250 ya fishi ya mamlaka (fishi inayoweka neno rasmi na majina yake mengine), la zamani linabaki 450. Kisha washa IncludeSeeFromInSearches, mpangilio unaofanya utafutaji uyaone na maneno ya zamani, ambao Koha huja nao ukiwa umezimwa, na ujenge upya faharasa yote. Ukiruka hatua hiyo ya mwisho, matokeo hayabadiliki hata kidogo, na watu watadhani kazi imeshindikana. Angalia pia 606, sehemu ya mada kwenye fishi ya kila kitabu: neno lililochapwa kwa mkono bila $9, yaani namba ya kiungo, halijaunganishwa na mamlaka yoyote.

Majina ya watu yanataka uangalifu uleule, kwa sababu ya mabadiliko ya 1972, watu walipotakiwa kuacha majina ya Kizungu na kuchukua ya Kiafrika. Mwandishi Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, ni Valentin-Yves na ni Vumbi Yoka. Fishi iwe moja, jina la pili liingie 400.

Dini za Kiafrika zimebanwa 299.6 huku Ukristo ukitandaa kuanzia 220 hadi 280 na kitu. Huo ni mpango wa Dewey wenyewe, ila kibao kikubwa kwenye rafu kingesaidia.

Kwa sasa, ukienda kwa ajili ya memuari (tasnifu ya chuo), tafuta mji kwa majina yote mawili, na jimbo kwa Katanga na kwa Shaba, jina la 1971 hadi 1997.