Uzoefu wangu: nilivyotengenezesha lenzi ya marehemu babu

Jamani wenye kamera za zamani, mi nimerithi Super-Takumar 50mm f/1.4 ya marehemu babu, alikuwa na studio Tanga, imekaa kabatini kwenye mkoba wake wa ngozi miaka na miaka na unyevu wa pwani si mnaujua. Kuitoa nakuta kioo cha mbele kina mikwaruzo na kimemeguka pembeni, ndani fangasi wametanda kama utando wa buibui, halafu ukichungulia njano tupu kama chai ya rangi.

Nilianza kwa kumpa fundi wa simu (jina simtaji), akasema mikwaruzo inatoka kwa dawa ya meno. Si akasugua kweli! Mikwaruzo iko palepale, kilichotoka ni ile rangi ya zambarau wanayopaka kiwandani kuzuia mwanga usirudi, na 15,000 yangu kala.

Ndo nikaelekezwa kwa mzee mmoja hapa Dar, fundi wa tangu enzi za filamu. Kamulika tochi kwa nyuma, kanyamaza weee, halafu akaniambia "mwanangu, fangasi nitawatoa, ila walipokula pameshaliwa." Kumbe wale wanatoa asidi inayochimba kioo, unawafuta wanaenda alama inabaki. Nikamuuliza si ukisage tu kiwe kipya, akacheka, kioo ukikisaga unabadilisha mbinuko wake na picha zinaharibika moja kwa moja. Basi akafungua pete, kila kioo akakiwekea alama ya penseli ubavuni asije akakigeuza, akafuta kwa haidrojeni peroksaidi iliyochanganywa na amonia. Pale pamemeguka akapaka wino mweusi tu, maana kinacholeta shida ni mwanga kugonga pale ukatawanyika.

Njano wala hakuigusa. Kioo kimojawapo cha nyuma kina thoriamu, ina mionzi kidogo na ndo inakipaka njano kadiri kinavyozeeka, dawa yake jua. Nikaweka lenzi barazani wiki tatu, nyuma inaangalia juu, mbele nimeziba na karatasi ya alumini, ikapauka mpaka raha. Ila siku moja nilisahau kuiziba, aisee inakusanya jua ile, imetoboa kitambaa cha meza cha mama na mpaka leo nasemwa.

Sasa hivi ukiwa umelipa jua mgongo picha zinatoka kali, sura za watu ndo usiseme. Ukilielekea jua katikati panakuwa na ukungu mweupe, hiyo ni kazi ya dawa ya meno, mzee hana kosa.

Alichukua 60,000. Mkoba wa ngozi kaniambia nitupe, lenzi inalala kwenye kopo la plastiki na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya. Nampa nyota 4, moja nimekata kwa sababu alisema siku 3 zikawa 11 na simu hapokei.